Maswali yenu: Fukushima, maji ya bomba na gari la kutoka Japani

Barua zimekuwa nyingi tangu tetemeko la Ijumaa ile ya tarehe 11 Machi, lililoleta tsunami na ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima hapa Japani, na mhariri kanipa ukurasa mzima badala ya safu yangu ya kawaida ya afya ya nyumbani. Kwa wasionijua: nilifanya kazi chumba cha eksirei Dar es Salaam kwa miaka mingi, beji ya kupimia mionzi kifuani, kabla ya kumfuata mume wangu Yokohama. Mhandisi wa vinu mimi siye. Vipimo vya mionzi ndivyo nilivyovizoea, na foleni ya mkate na ya petroli nimeipanga kama wengine. Naandika mwishoni mwa Aprili 2011. Mambo haya yanabadilika, kwa hiyo itazame tarehe kwanza kabla hujamsomea jirani.

*

*Assalaam aleikum dada. Kijana wangu anasoma Tokyo. Kila nikimpigia ananiambia yuko salama, lakini kwenye televisheni naona paa la kinu limeruka, na juzi wametangaza ajali imepandishwa hadi daraja la 7, sawa na Chernobyl. Shangazi yake anasema tuuze ng'ombe tumlipie tiketi. Ananificha nini? — Mama wa mwanafunzi, Tanga*

Waaleikum salaam mama. Pengine anakuficha kwamba halali vizuri. Ardhi haijatulia, usiku wa tarehe 7 Aprili kulikuja tetemeko jingine la zaidi ya 7, na hapa kwetu vikombe vililia kabatini. Mtoto anayemwambia mama yake kila kitu cha namna hiyo simjui.

Sasa kuhusu kinu. Tetemeko lilipiga saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za hapa, kwenu saa mbili na dakika 46 asubuhi. Pale Fukushima Daiichi kuna vinu sita, vitatu vilikuwa kazini, na vyote vitatu vilijizima kama vilivyotakiwa. Shida ni kwamba kinu kilichozimwa huendelea kutoa joto, kama jiko la mkaa lililomwagiwa majivu juu: moto huuoni, lakini weka mkono uone. Lazima maji yazunguke. Umeme wa nje ulikatika, jenereta zikawaka, na kabla ya saa moja kupita tsunami ya mita 14 hivi ikafunika jenereta hizo, ambazo nyingi zilikuwa vyumba vya chini. Kuanzia hapo fueli ikachemka bila maji ya kutosha na gesi ya haidrojeni ikajikusanya. Ulichokiona kwenye televisheni tarehe 12 na 14 ni gesi hiyo ikilipua majengo ya nje. Bomu la nyuklia halikulipuka pale, wala haliwezi kulipuka kwenye kinu cha namna ile.

Daraja la 7 ndilo la juu kabisa, na sitakwambia ni dogo. Lakini daraja hilo ni moja kwa yote makubwa. Wakaguzi wa Japani wenyewe, siku walipolitangaza tarehe 12 Aprili, walikadiria kwamba mionzi iliyotoka ni kama sehemu moja ya kumi ya iliyotoka Chernobyl, kinu cha Kisovieti kilicholipuka zamani.

Mwanao yuko mbali kiasi gani? Kutoka kinuni hadi Tokyo ni zaidi ya kilomita 200, yaani kupita umbali wa Tanga na Dar ndege akiruka moja kwa moja. Siku mbaya kuliko zote Tokyo ilikuwa tarehe 15 Machi. Kipimo cha Shinjuku, sehemu ya Tokyo, kilipanda hadi mikrosivati 0.8 hivi kwa saa (mikrosivati ndiyo kizio cha mionzi inayompata mtu), wakati siku za kawaida hakifiki hata 0.1. Mtu akisikia “mara kumi ya kawaida” moyo unamwenda mbio, nami ulinienda. Kisha nikakaa na kalamu. Eksirei moja ya kifua ni kama mikrosivati 50. Ili mwanao apate kiasi hicho ingebidi asimame nje saa sitini na zaidi, na kipimo kibaki kileleni muda wote huo. Hakikubaki, kilianza kushuka siku ile ile.

Hata hivyo umbali peke yake usiufanye hirizi. Serikali ilichora duara la kilomita 20, watu wakahamishwa, na wa kati ya 20 na 30 wakaambiwa wakae ndani. Lakini upepo haufuati duara. Kijiji cha Iitate kiko kama kilomita 40 kaskazini-magharibi ya kinu, nje kabisa ya mistari hiyo, na mvua na theluji za katikati ya Machi zikashusha vumbi la mionzi huko kuliko sehemu nyingi za karibu zaidi. Wakazi wake wametangaziwa kuhama tarehe 22 mwezi huu, wiki sita baada ya ajali. Kama mwanao angekuwa huko, ningekwambia ng'ombe auzwe leo. Kwa Tokyo, mwache ng'ombe ale majani.

Akiamua kurudi kupumzika, jambo moja tu: asipande ndege bila kibali cha kuingia tena Japani. Akiondoka bila muhuri huo viza yake ya masomo imekwisha. Katikati ya Machi foleni ya wageni wanaotaka kibali ilizunguka jengo la uhamiaji la Shinagawa. Sasa imepungua, aende asubuhi, na pasipoti na kitambulisho chake cha mgeni.

*

*Shikamoo mama. Naishi Chiba na mume wangu, mtoto ana miezi saba. Tarehe 23 Machi jirani alinigongea mlango akisema maji ya bomba yana sumu. Tangu siku hiyo nachemsha kila tone, na maji ya chupa nimejaza chumba. Naogopa hata kumnyonyesha. Nimuogeshe na nini? — Mama Kijacho*

Marahaba mwanangu. Kwanza acha kuchemsha kwa sababu hiyo. Kuchemsha kunaua vijidudu. Iodini ya mionzi, ile iliyotoka kinuni na kuingia majini, si kijidudu. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki pale pale, tena kwenye maji machache zaidi.

Jirani yako hakutunga. Siku ile mji wa Tokyo ulitangaza kwamba mtambo wa maji wa Kanamachi umekutwa na bekereli 210 (kizio cha wingi wa mionzi) za iodini kwa kilo ya maji. Kikomo cha watu wazima kilikuwa 300, cha watoto wachanga 100. Kwa hiyo tangazo lilihusu watoto wa chini ya mwaka mmoja peke yao, na maziwa ya unga yanayokorogwa kwa maji ya bomba. Kesho yake kipimo kikashuka hadi 79 na katazo la Tokyo likaondolewa. Katikati ya siku hizo mbili maduka yalikauka. Manispaa ikagawa chupa tatu tatu kwa kila mtoto mchanga, na nilimwona babu mmoja kwenye duka la karibu na stesheni akibeba katoni mbili za maji, na nyumbani kwake mdogo kuliko wote ana miaka hamsini. Sikumwambia kitu. Nyie mlio na vyumba vilivyojaa, mpeni mwenye kichanga.

Iodini hiyo, ile ya 131, hupungua nusu kila siku nane. Iliyomwagika katikati ya Machi, leo imebaki chini ya sehemu moja ya ishirini. Maji mapya hupimwa kila siku na matokeo yanabandikwa. Muulize mumeo akusomee ya mkoa wenu, si ya Tokyo. Mtoto muogeshe kwa maji ya bomba. Na mnyonyeshe. Hata wizara ya afya yenyewe ilisema siku ile ile kwamba kama hakuna maji mengine, mtoto apewe ya bomba, kwa sababu kiu itamdhuru kabla ya mionzi.

Kinachohitaji jicho kweli ni maziwa ya ng'ombe na mboga za majani. Chernobyl, mwaka 1986, watoto waliendelea kupewa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye iodini, na kwa miaka iliyofuata maelfu wakaugua saratani ya tezi ya shingo. Huku maziwa ya Fukushima na spinachi ya mikoa minne yalizuiwa kuuzwa tarehe 21 Machi. Mimi spinachi nimeiacha kwa sasa, wala simuombi mtu radhi, ila samaki wa makopo na mchele wa mwaka jana nakula nikishiba.

*

*Bi, nimeletewa SMS kwamba mvua ya sumu ya Japani inakuja mpaka pwani yetu, tujipake iodini ya kidonda shingoni na tusitoke saa ishirini na nne. Dukani imekwisha. — Mvuvi, Mombasa*

Imekwisha kwa sababu ya SMS, si kwa sababu ya mvua. Ujumbe kama huo ulizagaa Ufilipino tarehe 14 Machi, ukisingiziwa BBC, hata shule zikafungwa. Uchina wakagombania chumvi madukani, kwa ajili ya iodini iliyomo, mpaka ikaisha. Japani yenyewe watu walianza kunywa dawa ya kusukutua koo yenye iodini, na taasisi ya sayansi ya mionzi ya hapa ikabidi itangaze: msinywe, ina vitu vingine vya kudhuru, na iodini yake haitoshi kitu.

Vidonge halisi vya iodini vipo. Vinajaza tezi iodini safi ili ile chafu ikose nafasi, na vinafaa kama vikimezwa saa chache kabla au mara tu baada ya wingu kupita, kwa amri ya daktari, kwa walio karibu na kinu. Ile ya kupaka shingoni itakuachia shingo ya kahawia. Kaa na madini joto ya kwenye chumvi yako ya kila siku, na uende baharini.

*

*Nina yadi ndogo ya magari Dar. Wateja wananiuliza kama magari ya Japani yana mionzi. Nijibu nini? — Dalali*

Ndugu yangu, wajibu kwa karatasi. Mdai muuzaji wa huku kipimo cha mikrosivati kwa saa kilichoandikwa pamoja na namba ya chesisi, na gari lilikokuwa mwezi Machi. Magari mengi yenu hutoka minada ya Nagoya, Osaka, Kobe na Yokohama, mbali na kinu. Lililokuwa Fukushima likiwa na vumbi, vumbi hilo hukaa kwenye chujio la hewa, rejeta, wipa na ndani ya madigadi, na sesiamu iliyomo, kitu kingine cha mionzi kilichotoka kinuni, haipungui upesi kama iodini. Ile ya 137 huchukua miaka 30 kupungua nusu. Ukiwa na shaka, Tume ya Nguvu za Atomiki iko Arusha na ina vifaa vya kupimia.

Ila mimi ningekuwa wewe ningeogopa zaidi maji ya bahari. Tsunami imezamisha magari mengi mno mikoa ya pwani ya Miyagi na Iwate, na kuna wajanja watakaoyaosha na kuyauza. Inua zulia, tafuta mchanga. Pitisha kidole kwenye reli za viti, tazama kutu. Angalia mvuke ndani ya taa za mbele na unga wa kijani kwenye plagi za waya chini ya dashibodi. Karatasi ya mnada isiyotaja mkoa, irudishe. Gari la namna hiyo litakufia mkononi mwa mteja ndani ya msimu mmoja wa mvua, na hakuna mashine ya mionzi itakayokuonya.

*

*Binti yangu amerudi kutoka Sendai. Majirani hawataki kumpa mkono, na biskuti alizoleta zimerudishwa. Je, mionzi inaambukiza? — Baba, Zanzibar*

Hapana, haiambukizi. Kinachoweza kubebwa ni vumbi kwenye viatu, nguo na nywele, na hilo hutoka kwa sabuni. Tangu alipoondoka Sendai ameoga mara ngapi? Hata huku, familia zilizokimbia Fukushima zimekutana na haya: kuna mahali walidaiwa cheti cha kupimwa kabla ya kupokewa, na watoto kutaniwa shuleni. Mpe pole binti yako. Kule ametoka kwenye baridi, bila umeme wala gesi, na sidhani alitarajia kuogopwa barazani kwao. Biskuti kama zimefungwa kiwandani, kuleni nyie.