Ukiitwa kikao cha wadau wa intaneti, nenda na kifungu mkononi

Mara ya kwanza kuitwa kwenye kikao cha wadau wa intaneti kilikuwa Arusha, nikapanda Coaster pale stendi ya Moshi alfajiri, na tunafika Usa River nishapanga kichwani yote nitakayosema. Nina steshenari yenye kompyuta sita, watu wanakuja kuomba ajira, kujaza fomu za mkopo wa chuo, kuprinti, kuskani, yani shida za mtandao nazijua. Nikapewa maiki. Nikalalamikia bando kuisha kabla ya muda, nikalalamikia mtandao kukata wanafunzi wakiwa katikati ya kutuma maombi, watu wakanipigia makofi kabisa. Baadae ripoti ikatoka, naisoma ukurasa kwa ukurasa, sioni hata sentensi moja ya kwangu.

Iliniuma sana, nikaona basi tunaitwaga kukamilisha mahudhurio tu. Dada mmoja wa asasi ya kiraia tuliyekaa nae meza moja ndo alinifungua macho, akaniambia kaka, ulisimulia shida lakini hukuwapa pendekezo, sa anayeandika ripoti akuweke wapi?

Hilo ndo nataka ulichukue leo.

Kwenye mkutano wa Tunis mwaka 2005 nchi zilikubaliana kwamba mambo ya intaneti yaamuliwe na serikali, sekta binafsi na asasi za kiraia, kila mmoja kwa nafasi yake, na mwaka uliofuata ndo likaanza jukwaa la dunia la usimamizi wa intaneti, IGF, kisha nchi nyingi za Afrika zikaanzisha ya kwao. Hapa kwetu sio maneno matupu. Majina ya tovuti yanayoishia na .tz yalisimamiwa miaka mingi na tzNIC, ambayo iliundwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kushirikiana na TISPA, chama cha watoa huduma za intaneti. Arusha tuna AIXP, sehemu ambayo watoa huduma wanabadilishana data zao hapahapa badala ya kuzizungusha nje ya nchi halafu zirudi. Mwenye mitambo na mwenye sheria wakikaa meza moja kitu kinafanyika, ila meza hiyo mara nyingi inamkosa yule anayekaa kaunta.

Sa ngoja nikupe mfano wangu. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilitaka mwenye intaneti kafe afunge kamera na aweke rejista ya wateja, picha za kamera na rejista vitunzwe miezi 12. Zikafutwa zikaja za 2020, daftari likabaki. Mimi rejista yangu ilikuwa kaunta buku, liko wazi mezani na kalamu imefungwa kwa uzi, mteja anaandika jina, namba ya simu, saa aliyoingia. Siku moja binti wa chuo akarudi analia, kuna mtu anampigia usiku, namba kaitoa kwenye daftari langu, mtu huyo alikuwa ameandika jina lake mstari wa chini ya la binti. Nilishindwa hata kumtazama usoni.

Hicho kitu hakuna mwanasheria wala injinia angekijua. Kikao cha pili nikaenda nacho kwenye karatasi moja, jedwali la safu nne: kifungu, kinavyosomeka, pendekezo langu, sababu. Nikapendekeza rejista isikae mahali mteja mwingine anaweza kuisoma, na sababu nikaandika hilo la binti bila kumtaja, nikaongeza kwamba tangu Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi na daftari langu nalo ni taarifa za watu. Niliongea dakika mbili tu. Kwenye ripoti pendekezo likaonekana, mstari mmoja, lakini upo.

Kwahiyo omba mapema rasimu ya kanuni zinazojadiliwa, usisubiri kugawiwa mlangoni maana huwezi kusoma kurasa 30 huku unakunywa chai. Soma vifungu vinavyogusa kazi yako, chagua kimoja au viwili, vingine waachie wenye navyo. Kama rasimu imekuja kwa Kiingereza tupu, lisemee hilo kwa maandishi kabisa, maana nusu ya wenye vibanda vya kompyuta Mbuyuni na Majengo hawatachangia kitu wasichokielewa na wala sio kosa lao. Kabla hujaenda pita kwa wenzako. Mi nilizunguka kwa watano jioni moja, na mmoja, mama mwenye kibanda cha kusajili laini, alinipa hoja bora kuliko yangu.

Maoni yako peleka nakala mbili. Moja waache nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo nyumbani. Ripoti ikitoka unaiweka pembeni ya hiyo nakala unalinganisha, na kama hoja yako haipo unaandika barua kuuliza, ukiambatanisha ile yenye muhuri.

Kaunta buku langu siku hizi liko droo ya ndani na funguo ninayo mimi.