Faili likihama kompyuta moja kwenda nyingine, bando linaliwa?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina stesheneri Sinza, kompyuta 5 na printa moja, zote zimechomekwa kwenye swichi ya matundu 8, kile kiboksi cha kuunganishia nyaya za mtandao, na rauta ya laini ndo inaleta intaneti. Kijana wangu kutwa anahamisha mafaili ya wateja kutoka kompyuta ya mbele kwenda ya nyuma, nikahisi bando linaishia hapo, nimemkataza sasa hivi anazunguka na flashi. Halafu juzi tulichomeka waya mmoja ncha zote mbili kwenye swichi hiyohiyo, taa zikawaka zote kwa fujo na kila kitu kikagoma. Tumeiua?

JIBU: Nzuri dada. Mruhusu kijana, hapo bando haliguswi hata kidogo, na hizo flashi ndo zitakuletea virusi.

Iko hivi. Kila kompyuta ina anwani yake ya MAC, tarakimu na herufi 12, imewekwa kiwandani. Faili linakatwa vipande vya kama baiti 1500, kila kipande kimeandikwa kinatoka kwa nani kinaenda kwa nani. Swichi inafanya kama mama mwenye nyumba ya vyumba 8 kule uswahilini, hamuulizi mtu anakaa wapi, akimuona tu anatoka chumba cha 3 ashajua wa pale. Kipande kikiingia tundu la 3 inaandika mtumaji yuko la 3, halafu inamtafuta mpokeaji kwenye daftari lake, ikimkuta yuko la 6 inakitoa la 6 tu, matundu mengine hayapati kitu wala hakiendi nje. Isipomkuta ndo inakipeleka kote isipokuwa kilikotoka, mwenyewe akijibu tu inaandika. Akikaa kimya kama dakika 5 swichi nyingi zinamfuta. Habu za zamani, vile viboksi vilivyotumika kabla ya swichi, hazikuwa na daftari, kila kipande zilimpa kila mtu, ndo maana watu wakiongezeka zilikuwa zinasuasua.

Bando linaliwa na kinachotoka nje, na mi kwa uzoefu namshuku Windows, kompyuta 5 kila moja inajishushia masasisho yake. Ingia kwenye mipangilio ya masasisho, ruhusu kompyuta zipeane zenyewe kwa zenyewe kwenye mtandao wa ndani, ikishusha moja wenzake wanachukua kwake kupitia swichi hiyohiyo, utaona tofauti.

Kuhusu ule waya, hamjaiua. Kuna miito inayotumwa kwa wote, mfano kompyuta inauliza printa iko wapi, sasa mwito ukitoka tundu moja ukarudi kwa jingine swichi inautoa tena kote, unarudi tena, na vipande hivi havina ukomo wa kuzunguka kwahiyo ndani ya sekunde chache nafasi yote imejaa. Chomoa huo waya, zima washa, basi. Swichi kubwa zina kinga inayogundua mzunguko na kufunga njia moja, aliibuni mwanamama Radia Perlman mwaka 1985 huko Marekani, ila hivi vidogo vya bei rahisi tunavyonunua Kariakoo vingi havina. Kwahiyo bandika lebo kwenye kila waya, ncha zote mbili, leo leo kabla hujafunga duka.