Jiko safi bila dawa kali: mahali pa majivu, magadi na ndimu

Dada uliyeleta mada, umesema mtoto wako ana pumu, na kila jiko likisuguliwa kwa dawa za dukani anakohoa mpaka usiku. Ukauliza kama kweli vitu vya asili vinatakatisha au ni maneno tu. Vinatakatisha. Mimi niko Tanga, nyumba ina watu wengi, samaki wanakaangwa karibu kila siku na maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Tangu mwanangu wa pili aanze kubanwa kifua, dawa yenye harufu kali haiguswi jikoni kwangu.

Kuna mchangiaji amekushauri uchanganye siki na soda ya kuokea, eti povu linang'oa uchafu. Hapo simuungi mkono. Povu lile ni hewa ya kaboni dayoksaidi tu. Siki ni asidi, soda ni alkali, na zikikutana zinauana. Povu likiisha umebaki na maji ya chumvichumvi yasiyo na nguvu. Kila kimoja kina uchafu wake. Mafuta yaliyoganda yanataka alkali, yaani majivu, magadi, soda ya kuokea au sabuni. Magamba meupe ya maji ya chumvi, kutu na weusi wa vyombo vya shaba vinataka asidi, yaani ndimu, limao, siki au ukwaju. Ukilishika hilo, huna haja ya kukariri michanganyo ya mitandaoni.

Kwa mafuta, mimi natumia majivu ya kuni kuliko kitu kingine chochote. Yana potasiamu kaboneti, na yakikutana na mafuta kwenye maji ya moto, sehemu ya mafuta hayo inageuka sabuni. Ndiyo maana bibi zetu waliosha vyombo kwa majivu na vikatakata. Yachekeche nje ya nyumba, mtoto akiwa mbali, maana vumbi lake halimfai kabisa mwenye pumu. Kisha yaloweshe kwa maji ya moto yawe kama uji mzito. Paka kwenye wavu wa jiko, kwenye karai la chuma na kwenye marumaru za ukutani nyuma ya jiko, ambako mafuta yanarukia. Halafu yaache. Nenda kafue, urudi baadaye. Watu wengi wanasugua papo hapo, wanachoka, wanasema vitu vya asili havifanyi kazi, kumbe kazi inafanywa na muda. Ukirudi, kumbi la nazi au dodoki linatosha. Marumaru sugua taratibu, majivu yana chembe zinazokwaruza. Kama jiko lako huwashwa kwa mifuko ya plastiki, majivu hayo usiyatumie kwenye vyombo vya chakula.

Asiye na kuni atumie magadi, yale ya mawe tunayowekea maharage, ambayo kwa wenzetu Kenya yanachimbwa Ziwa Magadi. Yasage, yayeyushe kwenye maji ya moto. Yana nguvu kuliko soda ya kuokea, kwa hiyo vaa glavu, yanachubua mikono. Soda ya kuokea ni mpole, inafaa ndani ya friji na kwenye meza.

Sasa sikiliza vizuri hili la sufuria, maana sufuria zetu nyingi ni za alumini. Alumini na alkali haviivani. Ukiiloweka sufuria kwenye magadi au majivu inakuwa nyeusi na inaliwa kidogo kidogo. Sufuria iliyoingia weusi ndani, jaza maji, tia maganda ya ndimu ulizokwisha kamua, chemsha, weusi unatoka wenyewe. Kwa masizi ya nje, kinga ni bora: kabla ya kuiweka kwenye kuni, paka kitako chake sabuni ya mche iliyolowa. Ukimaliza kupika, masizi yanatoka pamoja na sabuni, husugui na stilwaya hata kidogo.

Birika lenye magamba meupe ndani lichemshie maji yenye ndimu kadhaa, uache yapoe, umwage, usuuze. Hapo fungua dirisha, hasa ukitumia siki, kwa sababu mvuke wa siki nao unakera kifua. Vyombo vya shaba, mdila wa kahawa na masinia ya kizamani, ukwaju ulioloweshwa unavirudishia rangi bila taabu. Asidi hizi usizimwage kwenye sakafu ya teraso, ya saruji au ya jiwe la marumaru lenyewe, zinakula chokaa iliyomo na kuacha mabaka yasiyofutika. Na ukishakamua ndimu, nawa mikono kabla hujatoka juani. Maji yake yakipigwa na jua kwenye ngozi yanaweza kuunguza mpaka malengelenge.

Ubao wa kukatia kuku mbichi nauosha kwa sabuni na maji ya moto, kisha naukausha juani. Ndimu na chumvi zinaondoa harufu, lakini usizitegemee kuua vijidudu. Kukiwa na kipindupindu mtaani, klorini ina kazi yake na lazima itumike. Mimi jiki ninayo, iko kabatini mbali na jiko. Ila tafadhali, jiki isikutane kamwe na siki wala ndimu. Inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo hata kwa mtu mzima mwenye kifua kizima ni hatari, sembuse mtoto wako.

Sinki linalopita maji polepole mara nyingi limeziba kwa mafuta. Mimina magadi yaliyoyeyushwa, subiri, fuata na maji ya moto lakini si yanayotokota, maana mabomba ya plastiki yanalegea. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe humo kabisa. Sisimizi nao wanafuata njia yao ya harufu. Ifute njia hiyo kwa siki, na usiache sukari wazi. Mende wanakuja kwa maji na makombo ya usiku. Kausha sinki kabla ya kulala na funika taka, utaona wanavyopungua. Mafuta ya taa ambayo watu hupulizia kwenye kona za makabati, kwa mtoto wa pumu ni sumu ile ile unayoikimbia.

Jambo moja hukulitaja, dada: mnapikia nini? Kama ni mkaa au kuni ndani ya chumba kisichopitisha hewa, moshi unamuumiza mtoto kuliko dawa ya kusugulia. Hamishia jiko barazani au dirishani kwanza, haya mengine yafuate. Dawa yake ya kuvuta aliyopewa na daktari isikatishwe eti kwa sababu jiko limebadilishwa. Kama ni jiko la gesi, niambie vichomeo vyake ni vya alumini au vya chuma, nikueleze namna ya kuvisafisha bila kuviharibu.