Kwa nini nilinyamaza kwenye simu

Lupembe, Njombe

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi ni wazima, mama yako anapalilia viazi.

Jumapili uliniuliza: "Baba, nimekwambia ofisi yetu ya watu watatu imepewa tuzo na wenzetu wa kazi ya kuwatafutia watu ajira, mbona umenyamaza?" Furaha ninayo, mwanangu. Nilikuwa namfikiria babu yako.

Naye alitafutiwa kazi. Wakati wa mkoloni wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, na sisi Wabena tulichukuliwa kwa wingi. Babu yako akaandikishwa, akapewa namba, akapakiwa kwenye lori kwenda Tanga. Kwenye hizo namba ndiko lilikotoka lile jina la manamba, walivyoitwa vibarua hao. Akapewa na kipande chenye visanduku 30: ukimaliza kazi ya siku, kimoja kinatiwa alama. Siku ya homa haikuhesabiwa. Mpaka anazeeka aliikumbuka namba yake, ilhali siku aliyozaliwa hakuijua. Na aliyemwandikisha hakurudi hata mara moja kumuuliza kama anakula. Hilo lilimuuma kuliko miba ya mkonge.

Sasa wewe, mjukuu wake, uko Mwanjelwa, Mbeya, kwenye chumba kimoja, unawatoa watu kwao na kuwapeleka kwa mwajiri. Ulipoanza niliogopa sana, ila sikukwambia.

Halafu mwaka jana nikashinda ofisini kwako. Nilikusikia ukimpigia binti uliyempeleka Rungwe kufungasha parachichi. Nakala ya mkataba umepewa? Mshahara umeingia? Unalala wapi? Ulimwita kwa jina lake na la baba yake. Mchana akaja mama mmoja, akafungua pindo la kanga akatoa elfu ishirini ili mwanawe apate nafasi. Ukamrudishia: "Anayelipa ni mwajiri, mama." Ukanieleza kwamba Shirika la Kazi Duniani lilishaandika hivyo mwaka 1997, mkataba namba 181: wakala asimtoze mtafuta kazi. Siku hiyo ulikuwa unadaiwa kodi ya chumba, nilijua.

Basi tuzo naipokea kwa mikono miwili. Mimi ningekupa kwa ile elfu ishirini tu.

Sasa watakuja wengi. Msimu wa parachichi mwajiri atataka watu 50 kwa wiki moja, na zile simu zitakosa nafasi. Ajiri mtu wa nne, kazi yake iwe hizo simu, hata faida ikipungua. Hili nakuomba kama baba.

Alhamisi atakuja kijana wa jirani yetu, ana leseni ya udereva. Atashukia stendi ya Nanenane. Nimemwambia asibebe bahasha yoyote, na akifika asitaje jina langu, apange foleni na wenzake.

Baba yako