Mahakama Kuu au Mahakama ya Juu ya Marekani?

SWALI: Chombo kimoja cha habari kinaandika "Mahakama Kuu ya Marekani", kingine "Mahakama ya Juu". Kisha nasoma kwamba mahakama ya wilaya imezuia amri ya Rais. Ya wilaya tu? Inawezekanaje?

JIBU: Andika Mahakama ya Juu. Kwetu Mahakama Kuu ina ngazi juu yake: Tanzania ipo Mahakama ya Rufani, Kenya ipo Mahakama ya Rufaa na, kwa Katiba ya 2010, Mahakama ya Juu. Ile ya Washington, yenye majaji 9, ndiyo kikomo. Kuiita Kuu ni kuishusha daraja.

Hilo la wilaya ndilo linalopotosha zaidi, kwani msomaji anaiona mahakama ya wilaya anayoijua, ya hakimu, iliyo chini ya Mahakama Kuu. Wilaya za mahakama za shirikisho huko (yaani za serikali kuu, si za majimbo) ni maeneo ya kimahakama tu. Zipo 94: Minnesota nzima ni wilaya moja, Texas ina nne. Anayeketi ni jaji aliyeteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na hana ukomo wa muhula. Humo ndimo kesi nyingi za shirikisho zinamoanzia na mashahidi wanamohojiwa, zikiwemo kesi za kupinga amri za Rais. Mahakimu nao wapo, lakini huteuliwa na majaji wa wilaya hiyo, na wale wanaofanya kazi hiyo kwa muda wote hupewa muhula wa miaka 8. Basi usiandike "hakimu" kwa sababu tu umeona "wilaya". Andika "jaji wa mahakama ya shirikisho ya wilaya", na neno shirikisho lisidondoke kamwe: majimbo yana mahakama zake, na huko huko Texas na Minnesota baadhi ya hizo nazo huitwa za wilaya.

Ukisema amri "imezuiwa", taja imezuiwa kwa nani. Juni 2025 Mahakama ya Juu ilibana uwezo wa majaji wa wilaya kutoa zuio linalowakinga hata wasiohusika na kesi, kwa hiyo "nchi nzima" isiandikwe kabla ya kuisoma amri yenyewe.

Rufaa huenda kwenye mojawapo ya mahakama 13 za rufaa, kwa kawaida mbele ya jopo la majaji 3. Mojawapo kwa Kiingereza ni "Ninth Circuit", na wengi huandika "Mzunguko wa Tisa". Kanda ya Tisa inaeleweka mara moja, kwa kuwa Mahakama Kuu ya Tanzania nayo ina kanda.

Kosa la mwisho ni la kitenzi. Sehemu kubwa ya kesi inazosikiliza, Mahakama ya Juu huzichagua yenyewe, na huhitaji kura 4 kati ya 9 kuipokea moja. Isipopokea, magazeti huandika "imeafiki hukumu". Haikuafiki chochote. Andika "imekataa kuisikiliza rufaa, hivyo hukumu ya mahakama ya chini inabaki".