Maswali ya Wasomaji: Je, Mtu Anaweza Kuufunga Msitu Wake kwa Sheria Usikatwe Daima?

Mwezi huu tumepokea barua tatu kuhusu jambo moja, nasi tunazijibu pamoja. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI LA KWANZA

Bwana Mhariri, pokea salamu zangu. Nina shamba la hekta 40 upande wa barabara ya Kasenga, nalo lina sertifika, yaani hati ya ardhi, kwa jina langu. Nusu nimelima mahindi, nusu nyingine sijaigusa. Huko bado umesimama mti wa mupapi ambao watu wawili hawawezi kuukumbatia, kuna miti ya mukula, kuna vichuguu virefu kuliko nyumba yangu, na chini bondeni kuna dembo, yaani bonde la majimaji, linaloshika maji hata mwezi wa kumi. Wachoma makala (makaa ya kupikia) wameniomba mara nyingi niwauzie ile nusu, nami nakataa. Binti yangu anayeishi Marekani, katika jimbo la Illinois, ameniambia kwamba kule mwenye ardhi anaweza kuiandikisha sehemu ya asili serikalini na kuiweka wakfu, na tangu siku hiyo hakuna wa kuijenga wala kuikata, hata watoto wake. Mimi umri umekwenda, na baadhi ya wanangu wanangoja kukata viwanja. Je, sheria yetu ina njia kama hiyo?

Mzee wa Komine Annexe, Lubumbashi

JIBU

Mzee wetu, binti yako amekueleza jambo la kweli, ila amelifunga pamoja na jingine ambalo sheria za kule hulitenganisha, na tofauti hiyo ndiyo itakayokusaidia kuipima hali yako hapa kwetu.

Kuna kuandikisha na kuna kuweka wakfu. Katika jimbo la North Carolina, ambalo sheria yake ya hifadhi za asili ni ya mwaka 1985, mwenye ardhi anayeandikisha anakubaliana kwa hiari na serikali ya jimbo kwamba mahali fulani pa ardhi yake pana thamani ya kimaumbile, na kwamba atajitahidi kupatunza. Mahali hapo panaingia katika rejesta, naye anapata heshima yake. Makubaliano hayo hayamfungi. Akibadili nia anaweza kujitoa. Anayeweka wakfu anafanya jambo zito zaidi, kwa sababu anatia sahihi hati inayosajiliwa pamoja na hati za ardhi yenyewe, na humo anaachia daima haki ya kujenga, kuchimba au kukata miti mahali hapo. Anabaki kuwa mwenye mali, anaweza kuiuza na kuirithisha, lakini kila atakayeipokea anaipokea pamoja na kifungo chake.

Illinois ilianza mapema zaidi. Tume yake ya hifadhi za asili ilianzishwa mwaka 1963, na eneo la kwanza kuwekwa wakfu lilikuwa Illinois Beach, kando ya Ziwa Michigan, mwaka 1964. Ardhi ikishawekwa wakfu, hata kama serikali yenyewe inaitaka kwa matumizi mengine ya umma, sheria inadai kwanza tume hiyo itamke kwamba haja hiyo haiepukiki, kisha gavana aidhinishe. Kwa maoni yangu nguvu yote ya wakfu imelala hapo: kuna chombo kilichotajwa katika sheria ambacho lazima kiulizwe, na ambacho kina uwezo wa kukataa.

Pasipo chombo hicho, sifa za mahali hazizuii kitu. Katika mji wa Rockford, ndani ya Illinois hiyohiyo, palikuwa na kipande cha mbuga ya nyasi ya asili kiitwacho Bell Bowl Prairie, kwenye ardhi ya uwanja wa ndege. Kilikuwa katika orodha ya maeneo bora ya asili ya jimbo, orodha iliyotokana na ukaguzi wa miaka ya 1970, kwa kuwa mbuga za namna hiyo, ambazo zamani zilifunika sehemu kubwa ya jimbo, zimebaki vipande vidogo mno. Mwaka 2021 alionekana hapo nyuki wa aina iliyo hatarini kutoweka, na ujenzi uliokuwa ukielekea hapo ukasimamishwa kwa muda. Mwezi wa Machi 2023 matingatinga yaliingia. Kipande hicho kilijulikana na kila mtaalamu wa jimbo, lakini hakuna aliyekuwa amekiweka wakfu.

Sasa tuje kwenye sertifika yako. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, udongo wote wa nchi yetu ni mali ya Serikali peke yake, na hauhamishiki. Ulicho nacho wewe ni konsesyo, yaani haki ya kuutumia. Isome hati yako vizuri uone ni konsesyo ya daima, ambayo hutolewa kwa raia wa Kongo aliye mtu binafsi, au ni konsesyo ya kawaida yenye muda, kama ile ya miaka 25 inayoweza kufanywa upya. Vyovyote itakavyokuwa, mtu asiye mwenye udongo hawezi kuufunga udongo milele kwa tamko lake peke yake, na hatuna tume ya kuulinda wakfu wa namna hiyo. Msitu nao una sheria yake: Kanuni ya Misitu ya 29 Agosti 2002 inasema misitu ni mali ya Serikali, ingawa miti iliyo katika shamba la mtu inahesabiwa kuwa yake, na msitu uliopandwa ni wa aliyeupanda.

Kuna mtego mwingine ambao watu wengi hawauoni mpaka siku barua inapofika. Sheria ya 1973 inamdai mwenye konsesyo aitie ardhi thamani, na ardhi iliyoachwa bure inaweza kurudishwa mikononi mwa Serikali ikapewa mwingine. Ofisa anayetembelea shamba lako ataona mahindi upande mmoja, na upande wa pili ataona pori. Hatauona mupapi kama unavyouona wewe. Kwa hiyo usiiache ile nusu iitwe pori. Weka mizinga ya nyuki, fungua njia ya kuzuia moto kila mwanzo wa kiangazi, panda miche ya miti ya asili penye mapengo, uandike kila kazi na tarehe yake, na umwombe ofisa wa mazingira wa eneo aje aone na kutia sahihi. Karatasi hizo zitakuwa na kazi siku mtu atakapodai kwamba ardhi imelala.

Kuhusu watoto, wosia una mpaka wake. Kanuni ya Familia ya 1987 inawahifadhia watoto robo tatu ya urithi, kwa hiyo huwezi kuiondoa ile nusu yote mikononi mwao kwa karatasi moja. Njia ya pili ambayo watu huifikiria ni kuunda shirika lisilo la faida, kwa sheria ya 20 Julai 2001, na kulikabidhi ardhi hiyo. Inawezekana, lakini fahamu kwamba konsesyo ya daima haitolewi kwa shirika. Likiipokea, litakuwa na konsesyo ya kawaida yenye mwisho wake. Katiba ya shirika nayo iandikwe kwa uangalifu, ieleze wazi kwamba kazi yake ni kuutunza msitu huo, na iseme mali itakwenda wapi likivunjika.

Njia ya tatu haijulikani sana, nami ndiyo ningeianza kabla ya hizo mbili. Sheria ya 1973 inakubali mzigo unaowekwa juu ya ardhi moja kwa manufaa ya ardhi nyingine. Ikiwa jirani yako wa chini anapata maji kutoka lile dembo lako, mnaweza kukubaliana kwamba upande wa juu wa dembo hautakatwa wala kujengwa, kwa ajili ya maji ya shamba lake, na mkaomba kwa konservata wa hati za ardhi mzigo huo uandikwe kwenye sertifika zote mbili. Ukishaandikwa, unaifuata ardhi hata ikiuzwa. Hautalinda mukula iliyo mbali na maji, wala haufikii wakfu wa Illinois, lakini mtoto atakayetaka kukata viwanja atamkuta jirani mwenye haki ya kumpinga. Tafuta wakili anayezijua kesi za ardhi, aiandike hati hiyo kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma.

SWALI LA PILI

Mhariri, sisi tuko kijijini katika teritwari ya Kambove. Msitu tulioachiwa na wazee ndimo tunamookota uyoga na viwavi, na ndimo zilimo dawa zetu. Kila mwaka chifu anawapa watu wa mjini sehemu, wanakata, wanachoma makala, wanaondoka. Sisi wanawake tulipouliza tuliambiwa msitu ni wa chifu. Je, kijiji kinaweza kuuandikisha?

Mama wa Kambove

JIBU

Mama, ninyi mna mlango ambao yule mzee wa barabara ya Kasenga hana. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Misitu kinairuhusu jumuiya inayoushika msitu kwa desturi kuuomba uwe konsesyo yake, na dekreti ya 2 Agosti 2014 imeeleza namna ya kuupata. Hutolewa bila malipo, ni ya daima, na inaweza kufika hekta 50,000. Hati inatoka kwa jina la jumuiya. Chifu yumo ndani yake kama mmoja wenu, na hekima yake inahitajika, lakini baada ya hapo hawezi tena kugawa peke yake.

Kuomba ndiko kwenye kazi. Kijiji kinakutana, kinaandika muhtasari wa mkutano, kinataja koo zake na kuwachagua watakaokisemea. Kisha mnatembea mipaka pamoja na majirani, mguu kwa mguu, mkiandika mito, vichuguu na makaburi, kwa sababu ramani iliyochorwa bila jirani huzaa kesi. Maombi yanapitia kwa ofisa wa misitu wa eneo lenu, yanabandikwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha yanafika kwa gavana wa mkoa, ambaye ndiye anayetia sahihi. Ingawa hati yenyewe hailipiwi, safari na vipimo vina gharama, na vijiji vingi husaidiwa na mashirika. Msikubali msaada wa mtu anayewaomba kwanza sahihi juu ya mkataba wa kukata miti.

Mkishapewa, agizo la waziri la 9 Februari 2016 linadai muwe na mkutano wa jumuiya, kamati ya kusimamia, kamati ya kukagua na baraza la wenye hekima. Wanawake waingie katika kamati ya kusimamia tangu uchaguzi wa kwanza, maana hapo ndipo mpango wa matumizi unapoandikwa: sehemu gani ni ya mashamba, gani ya kuni, na gani haiguswi kabisa. Sehemu hiyo isiyoguswa mnaiweka wenyewe, kwa uamuzi wenu, na kwa upande wa hiari ndiyo inayoukaribia zaidi wakfu aliouuliza mzee.

Najua kuna watakaowatisha kwamba serikali ikiuandika msitu itawafukuza. Hofu hiyo ina asili yake. Kahuzi-Biega ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, Watwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitoa uamuzi uliokubali madai yao. Itombwe, huko Kivu ya Kusini, ilitangazwa hifadhi mwaka 2006 kabla ya wenyeji kuulizwa vya kutosha, na mipaka yake ikaja kuwekwa mwaka 2016 baada ya ramani kuchorwa pamoja nao. Katika konsesyo ya jumuiya mambo yanaanzia upande wa pili: ombi linatoka kwenu, na wanaobaki ndani ni ninyi.

SWALI LA TATU

Mhariri, nina sertifika halali na miti yangu naitunza. Je, kampuni ikiwa na permi (kibali) ya madini juu ya ardhi yangu, sertifika itaizuia?

Msomaji wa Kipushi

JIBU

Peke yake haitaizuia. Kanuni ya Madini ya 2002, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, inatenganisha haki ya juu ya ardhi na haki ya chini yake, na madini yote ni ya Serikali. Sertifika inakupa haki ya kulipwa fidia kwa unachopoteza, na hapo zile karatasi nilizomshauri mzee wa barabara ya Kasenga zitakufaa nawe, kwa sababu mizinga, miche na visima vilivyoandikwa kwa tarehe ni rahisi kudai kuliko msitu uliosimuliwa baada ya kukatwa. Mahali ambapo sheria inakataza permi ni ndani ya eneo lililotangazwa kuwa hifadhi, na hata huko macho yanahitajika: Basse-Kando, upande wa Lualaba, ni eneo la uwindaji la tangu wakati wa Wabelgiji, na bado kampuni za madini zimechimba ndani yake. Nenda katika ofisi ya kadasta ya madini, inayotunza rejesta ya permi zote, na namba za vipimo vya shamba lako, uombe kuoneshwa permi zilizolala juu yake, aina ya kila moja na tarehe yake ya kumalizika. Permi ya utafiti haijawa permi ya kuchimba, na kabla haijageuka kampuni inatakiwa kufanya uchunguzi wa mazingira na kuzungumza na wenyeji. Siku ya mazungumzo hayo uwepo, na kila unachopinga ukidai kiandikwe katika muhtasari kabla hujatia sahihi.