Haikukatwa, ilisimamishwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: serikali ikipunguza fedha za watu wenye ulemavu, maisha yao yanabadilikaje? Mkatutolea mfano wa Uingereza, ambako mwaka 2025 serikali ilitaka kukaza masharti ya posho ya walemavu, wabunge wa chama tawala wenyewe wakaja juu, na mwezi Julai kipengele hicho kikaondolewa kwenye muswada.

Nilisoma nikacheka kidogo. Ili ukatiwe posho, sharti uwe nayo kwanza. Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya, miguu yangu ilipoozeshwa na polio nikiwa na miaka mitatu, na katika walemavu wote ninaowafahamu kuanzia hapa mpaka Mbalizi hayupo anayepokea posho ya kila mwezi ya serikali kwa sababu ya ulemavu wake. TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, upo, ila ule ni wa kaya maskini; ukiwa mlemavu mwenye kicherehani chako unaonekana unajiweza. Cha kwetu ni ile asilimia mbili.

Kwa asiyeifahamu: kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Jambo hilo liko kwenye sheria tangu 2018. Tuseme halmashauri imepata shilingi bilioni 3 za mapato hayo. Fungu letu hapo ni milioni 60, kwa walemavu wote wa eneo hilo, na bado ni mkopo, unarudishwa. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina moja au zaidi. Gawanyeni wenyewe, mimi hesabu zangu ni za futi kamba.

Aprili 2023 serikali ikatangaza bungeni kwamba mikopo hiyo inasimamishwa nchi nzima mpaka utaratibu mpya upatikane. Neno lilikuwa hilo, kusimamishwa. Nataka kuwaambia lilivyotufikia sisi.

Tulikuwa kikundi cha watu watano. Mimi, dada mmoja kiziwi ambaye kwa kufuma hana mpinzani, kijana aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, mama mmoja mwenye ualbino, na mzee asiyeona aliyekuwa mweka hazina wetu kwa sababu hakuna aliyewahi kumdanganya kwenye noti, anazishika tu anakwambia hii ni ya elfu tano. Tulitaka mashine ya kufumia masweta ya shule. Asiyewahi kuishi kwenye baridi ya Mbeya mwezi wa sita hawezi kujua sweta la shule ni biashara gani huku. Mwalimu mkuu wa shule moja alikuwa ameshatuahidi oda ya Januari.

Makaratasi yalituchukua miezi mitano. Katiba ya kikundi, muhtasari wa vikao, barua ya mtendaji, akaunti ya benki, andiko la biashara ambalo kijana wa steshenari alituandikia kwa elfu thelathini. Ofisi ya maendeleo ya jamii iko ghorofani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, lakini ngazi ni zile zile, kwa hiyo kila nilipokwenda nilibaki chini na baiskeli yangu ya miguu mitatu, mlinzi akapanda kumwita afisa. Alikuwa mama muungwana, alishuka kila mara bila kununa. Siku ya mwisho alishuka mikono mitupu. Akaniambia, "Dada yangu, faili lenu lilishapita kwenye kamati. Fedha ndiyo imesimamishwa." Nikamuuliza mpaka lini. Akatazama barabarani.

Sasa nitasema jambo litakalowaudhi wenzangu. Serikali haikuamka tu ikasimamisha. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali alikuwa ameonyesha mabilioni ya shilingi yaliyokopeshwa bila kurejeshwa, na vikundi hewa. Sibishi. Mimi mwenyewe nilishafuatwa na wanaume wawili wenye miguu yao yote miwili, wananiomba niwaazime jina na picha yangu ya pasipoti ili kikundi chao kihesabike cha walemavu. Wangenipa laki moja. Niliwafukuza, lakini jirani yangu mmoja aliazimisha, na mkopo ule haukurudi mpaka leo. Kwa hiyo kusafisha palihitajika. Ila hata ukiwa unasafisha kisima, wanywaji unawachotea maji pembeni kwanza.

Maana waliosimamishiwa hatukuwa sawa. Kijana mzima akikosa mkopo wa halmashauri ataenda kubeba viazi au kuendesha bodaboda ya mtu. Atalima vibarua Igurusi msimu wa mpunga. Mimi nibebe nini? Benki inataka hati ya nyumba, na nyumba ninayokaa ni ya kaka.

Ikabaki kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Novemba 2023 nikakopa laki tano za kununulia vitambaa vya sare, kurudisha laki sita na nusu ndani ya siku thelathini, dhamana cherehani. Vitambaa niliviuza vizuri, lakini Desemba mvua ilinyesha wiki nzima mfululizo, na barabara yetu ya mtaani ikilowa baiskeli yangu haitoki hata mlangoni, magurudumu yanameza tope mpaka kwenye ekseli. Wateja wa mbali nikawakosa. Nikachelewa siku tisa. Walikuja asubuhi vijana wawili, wakanisalimia shikamoo kwa adabu kabisa, wakaibeba cherehani.

Mtu atasema si ungetafuta cherehani nyingine. Jirani alinipa ya kwake bure, Mungu ambariki, cherehani nzuri ya miguu. Niikanyage na nini? Yangu ilikuwa ya mkono, ya kunyonga, marehemu baba aliitafuta mpaka Makambako ndipo akaipata, na kwa miaka kumi na minane mkono wangu wa kushoto ulikuwa umejifunza kusukuma kitambaa peke yake huku wa kulia unanyonga. Nilikaa mbele ya ile ya jirani siku nzima. Binti yangu wa darasa la sita akaingia chini ya meza akawa anakanyaga mimi naongoza kitambaa. Tulishona sketi tatu hivyo. Nikimwambia "taratibu" anaenda haraka, nikimwambia "simama" sindano imeshakula kidole. Januari shule zilipofunguliwa alichelewa wiki mbili kurudi darasani kwa sababu alikuwa miguu yangu.

Hilo, Mhariri, kwenye bajeti haliandikwi popote.

Nisiseme kana kwamba hakuna mahali panapowezekana. Nilishafika Iringa nikanywa kahawa pale Neema Crafts, mradi ulioanza 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana ukiwa na vijana watatu viziwi. Wahudumu wa mgahawa ni viziwi, unaagiza kwa kuandika au kwa ishara, na hakuna aliyenionea huruma, nilidaiwa bili yangu kama wengine. Lakini ule ni mradi wa kanisa, na Iringa ni mbali. Asilimia mbili ilikuwa ya kila halmashauri.

Mwaka 2024 mikopo ikarudi. Halmashauri kumi zikawekwa kwenye majaribio kupitia benki, nyingine zikaendelea wenyewe kwa utaratibu ulioboreshwa. Nilifurahi, sikatai. Nikaenda, mama yule akashuka tena, akaniambia maombi yanaanza upya kwenye mfumo, faili la zamani halihesabiki. Nikaanza kuwatafuta wenzangu. Dada yetu kiziwi alishaolewa Njombe. Mama mwenye ualbino anauza mkaa juani, kazi ambayo ngozi yake ndiyo ya mwisho kuistahimili. Mzee mweka hazina tulimzika Machi. Yule kijana ndiye aliyebaki, na tumeandikisha kikundi kipya mimi na yeye na wengine watatu ambao bado hatujazoeana vizuri; mmoja wao anataka tununue mashine ya kusaga badala ya masweta.

Cherehani yangu niliikomboa mwaka jana kwa laki nane kutoka kwa fundi wa Mwanjelwa aliyeuziwa. Amebadilisha gurudumu la kunyongea, ameweka zito zaidi. Inashona, ila jioni bega linauma, na binti akinisikia naguna huwa anasogeza kiti chake karibu na meza bila kuulizwa. Namrudisha kwenye madaftari yake.

Fundi wa Uyole, Mbeya